Waya wa Breki ya Mkono

Ni waya mwembamba, wa kijani, urefu wa shubiri.
Kazi yake moja tu: kuiambia redio
kama gari limesimama au linakwenda.
Mimi, Mwanasiti binti Shee, fundi wa Mwembe Tayari,
niliukata kwa shilingi mia mbili,
ncha yake nikaifunga kwenye chuma cha bodi
ili redio iamini, siku zote, kwamba gari limeegeshwa.

Mteja alitaka mpira. Kila mteja alitaka mpira.
Akajaribu, akacheka, akaniongeza ya soda.
Jumapili ile, pale Kibarani,
katikati ya penalti,
mkokoteni wa viazi.

Mguu wa Dzombo sitausimulia.
Nitasema viazi tu, vilivyobiringika
hadi chini ya lori la makontena,
na kioo, wasema, kilikuwa bado kinashangilia.

Tangu hapo nalala na daftari.
Nachora redio.

Kwanza nilichora kama wachoravyo wao:
kioo kitupu, laini kama sahani ya kauri,
vijipicha ishirini, vidogo kama dengu;
ukitaka sauti fungua mlango,
na ndani ya mlango mna mlango.
Nikapanda Probox ya Tsofa, msambaza mikate,
mwenye kioo cha namna hiyo hiyo.
Saa nane mchana, jasho limemfika kwenye kucha.
Kidole kikateleza. Kioo hakikumjua.
Akagusa tena, akagusa kwa hasira,
na macho, jamani, macho yalikuwa wapi?
Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.
Tuktuk mbili zilishatukatia mbele.

Nikaurarua ukurasa.

Ami Athmani haoni tangu utotoni,
lakini mpe chenji mkononi
atakwambia hii ya ishirini, hii ya kumi, hapa umenipunja.
Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva,
injini imezimwa, ufunguo mfukoni mwangu,
nikamwekea kipande cha mbao
chenye vifuniko vya chupa nilivyovibandika kwa gundi.
Akapapasa kile kinene, chenye meno kama ya mbuzi ya nazi.
"Hiki sauti. Cha kuzungusha kitakuwa nini kingine?"
Chenye nundu, kunyamazisha.
Viwili pacha, kimoja kimebonyea, kimoja kimevimba:
rudi, nenda.
"Na hiki cha tano?"
Sikuwa na jibu.
"Basi king'oe."
Nikaking'oa.

Chini nikaongeza ukingo wa kuegemeza kiganja,
maana matuta ya Kisauni hayambembelezi mtu,
mkono ukirushwa huangukia pasipo pake.
Usiku mwanga ushuke wenyewe, bila kuombwa.
Na hata kama jana kijana aliiacha inanguruma,
asubuhi iamke kwa sauti ya chini,
kama mgeni anayebisha hodi penye mtoto mchanga.

Bwana Jivanji, mwenye duka, akalitazama daftari,
akatia sukari ya tatu kwenye chai.
"Haitauzika. Watu wanataka taa, moto, mistari inayocheza."
Itacheza, nikamwambia, gari likisimama.
Magurudumu yakianza kuzunguka, ikae na adabu.
"Adabu," akasema, "naiuza shilingi ngapi?"

Nimeunda moja tu. Iko juu ya meza yangu,
imeunganishwa na betri kuukuu.
Dzombo alipita juzi na gongo lake,
akazungusha kirungu, akakizungusha tena,
trik, trik, trik,
bila kukitazama.
Hakusema kitu. Alikuwa akinitazama mimi.

Jana kaja kijana, ana gari jipya, ana mia tano.
"Fundi, nasikia kuna waya..."
Nikawasha yangu. Mtangazaji alikuwa kwenye kona,
pumzi zimemkaba, mpira uko hewani.
Nikamwambia: huyu analipwa kuutazama kwa niaba yako.
Wewe itazame barabara.

Akasikiliza hadi goli, akapiga makofi,
akanishukuru, akaondoka.

Duka la tatu kutoka hapa
wana mkasi.